Ndiyo, gamba halina miguu. Sasa tuongee kuhusu miche

Juzi nimeambiwa tena kwamba gamba jeupe la mwembe, mdudu anayeganda kwenye majani, hawezi kusambaa. Safari hii ilikuwa kwenye kikao cha wakulima, na aliyesema ni mzee ninayemheshimu, mwenye miembe inayotunzwa vizuri kuliko mingi ninayoikagua: "Bwana shamba, unatutisha bure. Mdudu huyo hana miguu, hana mabawa, amejigandisha kwenye jani kama upele. Atatokaje huko aliko mpaka atufikie sisi huku?" Watu wakacheka, ajenda ikahamia bei ya salfa.

Sikubishana pale. Nabishana hapa, maana hoja hiyo nimeisikia Mtwara mjini, nimeisikia Masasi, nimeisikia Nachingwea, na mara moja nimeisikia kwa mtu mwenye shahada ya kilimo.

Tunayemzungumzia ni gamba jeupe la mwembe, Aulacaspis tubercularis, mwenye asili ya Asia. Si kidung'ata, yule mdudu laini mwenye unga mweupe mwilini, na wala si ubwiriunga. Kwa kuwa huku Kusini kila weupe kwenye mti ni ubwiriunga mpaka ithibitishwe vinginevyo, nimalize hilo haraka: pitisha kidole juu ya jani. Ubwiriunga ni ukungu, unafutika kama unga. Gamba linagoma, mpaka ulikwaruze kwa ukucha. Salfa tunaipulizia mikorosho kwa sababu ya ukungu. Gamba si ukungu. Basi.

Turudi kwenye miguu. Mzee yuko sahihi nusu. Jike mzima hana miguu kweli. Akishachomeka mrija wake kwenye jani hang'oki hapo mpaka kufa. Dume ana mabawa lakini hana mdomo, anaishi muda mfupi tu, kazi yake ni kumtafuta jike. Lakini kila jike alianza maisha akiwa na miguu sita inayofanya kazi vizuri. Anapotoka kwenye yai ni mtambazi mwekundu, mdogo kiasi kwamba bila lenzi utamwona kama chembe ya vumbi, ila vumbi hili linatembea. Anatafuta pa kukaa, na asipopata ndani ya siku moja hivi mara nyingi anakufa. Wengi hawafiki mbali: wanakaa jani lile lile walilozaliwa, au la jirani. Wachache wanapeperushwa na upepo. Kwa hiyo kama hoja ni kwamba kwa miguu yake mdudu huyu hawezi kutoka Lindi kwenda Mtwara, nakubali, na tusaini muhtasari.

Tatizo ni kwamba hakuna anayetathmini hatari kwa kupima miguu. Mwongozo wa kimataifa wa kutathmini hatari ya wadudu na magonjwa ya mimea tunaoufuata, ISPM 11, unataka ujibu mambo kabla ya kugusa madhara: je, ataingia? Akiingia atastawi? Akistawi atasambaa? Swali la kuingia ni swali la njia, na njia karibu zote tunazitengeneza sisi watu.

Mwaka 2010 gamba hili liligunduliwa magharibi mwa Ethiopia, kwenye shamba la maembe, na inaaminika lilifika na miche kutoka India. Kutoka India mpaka Ethiopia. Huyo asiye na miguu. Ndugu yake, Aulacaspis yasumatsui, anayeshambulia sikadi, ile mimea ya mapambo inayofanana na mnazi uliodumaa, alionekana Florida mwaka 1996 na kufika kisiwa cha Guam mwaka 2003, kwa biashara ya mimea ya bustani. Guam walikuwa na sikadi yao ya asili, mti uliojaa msituni kuliko miti mingine. Mwaka 2006 ukawekwa kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini kutoweka. Hakuna gamba hata moja lililoruka bahari. Yalibebwa, na pengine yalimwagiliwa maji njiani.

Sasa nifike kwenye kinachonikera hasa, kwa sababu mzee wa kikao angalau alikuwa anatania. Kuna watu wanaokubali kwamba mdudu anabebwa, halafu wanakagua mzigo usio sahihi. Nimesimama kwenye kizuizi, sitasema kipi, nikaona gari la maembe limesimamishwa, matenga yameteremshwa, embe moja moja linageuzwa kutafutwa doa. Wakati huo huo bodaboda imepita pembeni, nyuma imefunga kwa mpira rundo la miche ya miembe iliyobebeshwa, yaani iliyoungwa kikonyo (kitawi) cha mwembe mwingine, majani yanapepea. Dereva kapunga mkono. Naye kapungiwa.

Embe lenye gamba na mche wenye gamba si hatari moja. Hebu fuata safari ya gamba lililo kwenye embe. Kwanza awe jike, awe hai, awe amepandwa na dume. Mayai yaanguliwe kabla embe halijaliwa au kuoza. Watambazi watoke kwenye ganda mahali lilipotupwa, wapite juu ya mchanga, mchwa na kuku, wapate jani la mwembe kabla ya jua kuwamaliza. Wafike zaidi ya mmoja, tena karibu karibu, kwa sababu mdudu huyu anahitaji dume na jike ili kuzaa. (Kidung'ata wa muhogo, Phenacoccus manihoti, hana shida hiyo: jike anazaa bila dume. Aliingia Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1970, akalitembelea bara karibu zima la muhogo kwa vipando tulivyompa wenyewe.) Kila hatua ina uwezekano mdogo, na uwezekano mdogo ukizidishwa kwa mwingine mdogo, jibu ni dogo zaidi.

Mche hauna safari ya namna hiyo. Jike yuko tayari juu ya mti anaoupenda, dume yuko jani la pili, mti unamwagiliwa maji, na mwisho wa safari mkulima anauchimbia shimo hatua chache kutoka kwenye mwembe mkubwa wa babu yake. Vikonyo ni hivyo hivyo, pengine vibaya zaidi: fundi wa kubebesha anavifunga kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya nailoni ili visikauke, na unyevu unaohifadhi kikonyo unamhifadhi na gamba. Halafu anabebesha kitalu kizima kwa mikono na kisu kile kile. Mtu akiniambia ana askari mmoja tu wa kuweka kizuizini, nitamwambia amwache mwenye maembe apite na amshike mwenye miche. Na kwenye matenga, aangalie majani ya mwembe yaliyotandikwa juu na chini kabla hajagusa embe lenyewe.

Hapo vitabu vinaishia: tunda la kuliwa, hatari ndogo, sahihi, muhuri. Mimi hapo naanza kusita. Hoja ya tunda imejengwa na watu ambao embe kwao linanunuliwa dukani, linaliwa mezani, na ganda linaingia kwenye pipa lenye kifuniko. Njoo Mikindani au Mtama msimu wa maembe. Embe linaliwa chini ya mwembe. Ganda linatupwa chini ya mwembe. Mtoto amekaa juu ya tawi la mwembe, anamenya kwa meno na kutema ganda kwenye majani ya tawi la chini. Ile hatua ngumu kuliko zote, ya mtambazi kuupata mti, sisi tumeifupisha mpaka imekuwa shubiri moja. Kwa hiyo kwenye tathmini zangu alama za tunda nazipandisha. Kwa kiasi gani? Hapo ukinibana nitakwambia kweli: namba naitoa kichwani. Bado naiweka chini ya mche, chini sana, lakini siiweki pale kitabu kinapoiweka.

Na hizo namba zenyewe. Tunatoa alama, moja mpaka tano, tunazidisha, tunapata jibu lenye sura ya hesabu. Lakini "mbili" ya uwezekano wa kuingia na "mbili" ya hasara hazina kipimo kimoja, na hakuna aliyethibitisha kwamba nne ni mara mbili ya mbili. Mezani namba inaheshimiwa kuliko sentensi, ndiyo maana bado naziandika. Ila nikisoma tathmini ya mwenzangu naruka jedwali, naenda kwenye maneno: amesema mdudu ataingia kwa njia gani, mwezi gani, na kwa nini anaamini hivyo. Kama maneno hayapo, ile kumi na nane yake hainisaidii kitu.

Upepo, kwa sababu mtaniuliza. Kusi linavuma kwa miezi, linatoka upande wa Msumbiji, na Ruvuma si bahari. Je, mtambazi anaweza kuvushwa? Anaweza. Kwa mtambazi mmoja nafasi ni ndogo mno, lakini watambazi hawahesabiki na upepo hauchoki, kwa hiyo siwezi kuandika sifuri. Naandika "inawezekana" na kusonga mbele, kwa sababu kusi halina kizuizi na halibebi kibali. Miche inaweza kukaguliwa. Hali ya hewa ya pwani yetu hata sijadiliani nayo: joto lipo, miembe ina majani mwaka mzima, gamba halina sababu ya kulalamika.

Jambo jingine linaloharibu tathmini nyingi ni kuhesabu maiti. Mtu anapita barabarani, anaona miembe ya kando imekuwa myeupe, anaandika "mashambulizi makubwa". Ameshuka kwenye gari? Hajashuka. Gamba hubaki limegandamana na jani muda mrefu baada ya mwenyewe kufa, kwa hiyo mti mweupe unaweza kuwa umeshambuliwa sasa hivi, au unaweza kuwa makaburi. Chukua jani na pini. Magamba marefu membamba yenye mistari mitatu iliyoinuka, yaliyokaa kundi, ni ya madume. Achana nayo, tafuta la duara, bapa, ukubwa wa milimita mbili hivi. Ingiza ncha chini ya ukingo, inua taratibu. Ukikuta mwili umejaa, na ukiugusa unatoa majimaji, huyo yu hai. Mara nyingi pembeni yake utakuta mayai mekundu. Ukikuta kitu kikavu cha kahawia kinachovunjika, amekwisha. Na kabla hujalifunua, tazama juu ya gamba: likiwa na tundu la duara lililokatwa safi, mle ametoka nyigu mdogo aliyekulia ndani na kummaliza mwenye nyumba. Matundu yakiwa mengi, weka kinyunyizio chini. Dawa ya kugusa inapita juu ya gamba bila kumdhuru sana aliye ndani, lakini nyigu inamwua papo hapo, na msimu ujao utakuwa na magamba mengi kuliko uliyoanza nayo.

Vumbi nalo lina neno hapa. Miti ya kando ya barabara ya vumbi huwa na magamba mengi kuliko ya ndani ya shamba, kwa sababu vumbi linawasumbua nyigu na wadudu wengine wanaokula magamba. Kwa hiyo sampuli ya barabarani inakudanganya mara mbili: inakuonyesha miti iliyo mibaya kuliko yote, tena bila kukwambia nani yu hai. Ingia ndani ya shamba. Viatu vitachafuka, ndiyo.

Na tafadhali tuwaache maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona viota kwa majani. Kuna imani kwamba ukiona maji moto juu ya mwembe basi wanafuga hili gamba jeupe. Gamba lenye ngao, kama hili, halitoi maji ya sukari, kwa sababu halinywi kwenye mishipa inayosafirisha sukari ya mti. Linanyonya chembe za jani pale lilipo. Halina cha kumlipa siafu wala maji moto. Ukiona majani yananata, yamefunikwa masizi meusi na maji moto wako kazini, una vidung'ata au magamba laini, ambao ni kesi nyingine kabisa. Nao pia usiwamalizie hasira maji moto. Kwenye mikorosho ndio wanaomfukuza mbu wa mikorosho, mdudu anayenyonya machipukizi, na kila mara naona mtu anachoma viota vyao kwa sababu ya weupe kidogo, halafu baadaye ananiletea machipukizi yaliyokauka.

Madhara niyaseme kwa kifupi. Jani linapata madoa ya njano na kudondoka, mche mchanga unadumaa, embe linabaki na mabaka ya waridi pale gamba lilipokaa. Kwa anayeuza embe sokoni hapa hapa, mabaka hayapunguzi utamu, mteja atanung'unika na kununua. Kwa aliyepanda miembe ya kubebesha akitarajia kusafirisha nje, mabaka hayo ndiyo mzigo unaokataliwa. Mwenye mwembe mrefu wa kienyeji hana pampu ya kufika juu hata akitaka. Kwa hiyo ukiniuliza "hatari ni kubwa au ndogo?" bila kuniambia ni ya nani, nitakujibu kwa swali.

Ukienda kitaluni, geuza majani ya chini kwanza, fuata mshipa wa kati, pande zote mbili za jani. Muulize mwenye kitalu vikonyo vilitoka kwa nani; akikwepa swali, kwepa miche yake. Ukinunua, iweke mbali na miembe yako kwa wiki kadhaa, uikague tena kabla ya kuipanda. Ukikuta kitu unachokitilia shaka, kata majani mawili matatu, yafunge kwenye gazeti, si kwenye nailoni maana yataoza, andika kijiji na tarehe juu yake, yapeleke kwa afisa kilimo. Mti wenyewe uache pale pale ulipo.