Mnyama msaidizi ni yupi, na kwa nini si kila mbwa

Malindi ina wakazi na wageni wengi wa Kiitaliano, na baadhi yao hawatoki bila mbwa. Mbwa huyo akifika mlangoni mwa mkahawa, ugomvi hauchelewi. Mwenyewe anasema kwao huingia naye popote. Mteja wa meza ya pili, aliyevaa kanzu anayotaka kuiswalia Isha, anainuka. Mhudumu yuko katikati, hajui amsikilize nani. Hapo ndipo mtu husema, "Huyu ni mnyama msaidizi," na mara nyingi hasemi kweli.

Mnyama msaidizi ni mnyama, karibu kila mara mbwa, aliyefundishwa kufanya kazi maalumu kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu, na kazi hiyo iwe inahusiana na ulemavu wenyewe. Mbwa mwongozo humpitisha kipofu kando ya shimo, husimama penye ngazi, na hukataa kwenda mbele hata akiamrishwa iwapo kuna gari linakuja. Yuko anayemgusa kiziwi mguu mlango ukibishwa, na anayemwokotea funguo mtu wa kiti cha magurudumu. Mafunzo yake huchukua miezi mingi, na mbwa wengi hawafuzu. Kazi hii ina historia ya zaidi ya miaka mia: shule ya mbwa waongozaji ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa askari waliopofuka katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Mbwa wa kufugwa kwa mapenzi hana kazi hiyo, hata akiwa mtulivu kiasi gani. Wanaochanganya watu zaidi ni wanyama wa faraja, wale wanaomtuliza mtu mwenye huzuni au wasiwasi kwa kuwa karibu naye tu. Faraja hiyo ni ya kweli na siidharau, lakini mnyama hakufundishwa kitendo chochote. Sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu ni ya mwaka 1990, na kwa kanuni zake zilizoanza kutumika 2011, mnyama wa faraja hahesabiwi kuwa msaidizi dukani wala mkahawani. Mwenye duka kule anaruhusiwa maswali mawili: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Na amefundishwa kufanya kazi gani? Haruhusiwi kudai cheti wala kumhoji mtu kuhusu ugonjwa wake. Mlango huo wa heshima umetumiwa vibaya. Watu hununua koti lenye maandishi mtandaoni, wakamvalisha kijibwa chao na kuingia naye. Mbwa wa namna hiyo akimng'ata mtu, anayekuja kuzuiwa kesho yake ni kipofu. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote katika mzozo huu.

Italia nayo ina sheria ya mwaka 1974 kuhusu mbwa waongozaji wa vipofu. Ilianza na vyombo vya usafiri, kisha ikapanuliwa hadi mahali panapohudumia watu wote, na anayemzuia mbwa mwongozo anaweza kutozwa faini ya euro 500 hadi 2,500. Mbwa wa kufugwa kwa mapenzi tu hayumo katika sheria hiyo.

Kwetu Kenya, Katiba ya 2010, Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma kwa kiasi kinachofaa. Vipofu wengi wa hapa hushika fimbo nyeupe au hushikwa mkono na mtoto wa ndugu, ndiyo maana mbwa mwongozo anaonekana kuwa jambo la wageni. Lakini kwa anayemtumia, ukimzuia mbwa umemzuia mwenyewe.

Na najisi je? Swali hili ni zito hapa pwani, na anayelipuuza hajawaelewa wenyeji. Paka hupita chini ya meza Malindi na Lamu siku nzima bila mtu kulalamika, kwa kuwa paka si najisi. Mbwa kwa madhehebu ya Shafii ni najisi nzito: chombo alicholamba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Hata hivyo, madhehebu hayo hayo yanaruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na Sura ya Al-Maida, aya ya 4, inahalalisha windo lililokamatwa na wanyama waliofundishwa. Tena mkavu akigusana na mkavu, najisi haihami. Mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester, Uingereza, ulikubali mbwa mwongozo akae sehemu aliyotengewa wakati mwenyewe akiswali. Ikiwa msikiti ulipata njia, mkahawa hauwezi kushindwa. Mpe mteja huyo meza ya pembeni, mbali na njia ya wahudumu. Mbwa akae chini, asilishwe kwa sahani ya mkahawa, na jikoni asikanyage. Mwenye kanzu naye ahamishiwe meza nyingine bila kubezwa, maana twahara yake si ushamba.

Mbwa wa kazi pia anaweza kutolewa nje. Akibweka ovyo, akirukia watu au akikojoa sakafuni, na mwenyewe asimdhibiti, mwenye mkahawa ana haki ya kumtoa. Mteja mwenyewe abaki, ahudumiwe.

Wale walioketi jirani wasimpigie mluzi mbwa aliye kazini, wasimpapase wala kumtupia mfupa. Akigeuza kichwa wakati anaongoza, mtu anaweza kujikwaa. Ukitaka kusaidia, zungumza na mwenyewe, umwambie kiti kiko upande gani.