Kukwepa Risasi Si Kuishinda Risasi Mbio

Katika baraza za Ngamiani mjini Tanga, hasa jioni baada ya swala ya Magharibi, ubishi wa vijana kuhusu mashujaa wa katuni za Marekani huwaka kama ule wa Simba na Yanga. Flash, shujaa ambaye nguvu yake ni mbio, na Superman, nani mwenye mbio zaidi? Quicksilver angemfanya nini Thor? Nimeusikiliza ubishi huo kwa miaka mingi na kuushiriki kwa moyo wote, na kinachonisikitisha ni kwamba hoja nyingi zinasimama juu ya dhana ambazo ukizipima kwa hesabu za shule ya msingi huanguka. Mashujaa hawa ni wa kubuni, lakini umbali, muda na mwendo si vya kubuni, na anayetaka kuwalinganisha kwa haki hana budi kuviheshimu.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba shujaa akikwepa risasi, basi kasi yake imeipita ya risasi. Tuchukue risasi ya bastola inayokwenda mita 400 kwa sekunde, na mpigaji awe amesimama mita 40 kutoka alipo shujaa. Risasi itafika baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ili imkose, shujaa hana haja ya kukimbia mita 40; inatosha akiondoa kichwa chake sentimita 30 kutoka kwenye njia yake. Anayesogea sentimita 30 kwa muda huo anakwenda mita 3 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 11 kwa saa, mwendo ambao mwendesha baiskeli yeyote wa Tanga huufikia bila kutokwa na jasho.

Maajabu yapo, lakini hayapo kwenye miguu wala shingoni. Yapo kwenye utambuzi. Katika mbio fupi za riadha, mkimbiaji anayeondoka kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kupita tangu mlio wa bunduki huhesabiwa kuwa ameanza mapema, kwa kuwa inachukuliwa kwamba mwili wa binadamu hauwezi kusikia na kuitikia kwa haraka kiasi hicho. Maana yake ni kwamba muda wote tulioupigia hesabu hapo juu ungekwisha kabla mtu wa kawaida hajaanza hata kujitikisa. Spider-Man, aliyechapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1962, anatoa jibu zuri la fumbo hili: ana hisi inayomtahadharisha kabla hatari haijafika, kwa hiyo huanza kusogea wakati kidole cha mpigaji kingali kinakaza. Huyo amekiwahi kidole. Risasi hajashindana nayo kabisa.

Kosa hilohilo hukuzwa mara nyingi zaidi pale shujaa anapokwepa radi au mwali wa leza, kisha mtu akatangaza barazani kwamba ana kasi ya mwanga. Mwanga husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, sawa na kuizunguka dunia mara saba na nusu. Hakuna awezaye kuuona mwali ukimjia, kwa sababu kitakacholeta habari machoni pake ni mwanga wenyewe, nao ukifika, mwali nao umefika. Anayeukwepa, basi, ameutazama mkono unaolenga, au mchoraji amechora kitu kinachong'aa ambacho si mwanga. Radi nayo haina mwendo mmoja tu. Ile cheche ya mwanzo inayoshuka kutoka mawinguni hutambaa kwa wastani wa kilomita 200 hivi kwa sekunde, mwendo wa kutisha kweli, lakini haufikii hata sehemu moja ya elfu ya kasi ya mwanga.

Ipo pia dhana kwamba anayesafiri kwa kasi zaidi ndiye mwepesi zaidi wa kupigana. Nenda kwa fundi baiskeli yeyote mjini hapa, umtazame akiwa ameipindua baiskeli ikasimama kwa usukani na kiti, anazungusha pedeli kwa mkono ili aone kama rimu imenyooka. Spoki hupotea machoni, hubaki kama ukungu tu, na baiskeli haijasogea hata inchi moja. Mwendo wa kiungo na mwendo wa safari ni vitu viwili. Bondia Hassan Mwakinyo, mwana wa Tanga, alipomshinda Sam Eggington mjini Birmingham mwaka 2018 katika raundi ya pili, hakuna aliyeuliza anakimbia mita 100 kwa sekunde ngapi. Kilichofanya kazi ni mikono na macho. Vivyo hivyo Silver Surfer, anayekatiza kati ya nyota juu ya ubao wake tangu mwaka 1966, hatuwezi kusema kwamba ngumi yake huenda kwa kasi ya ubao huo.

Kuhusu maneno marefu ambayo shujaa huyatamka akiwa hewani, yasitumiwe kupima chochote. Kisanduku kimoja cha katuni hubeba ngumi ya kufumba na kufumbua pamoja na sentensi tatu za kumtisha adui. Huo ni utaratibu wa kuandika katuni, nao hausemi lolote kuhusu muda wa pambano.

Wale waliolelewa na msemo wa mabanda ya video kwamba steringi hafi huamini kuwa adui lazima awe mzito wa mwendo. Si kweli. Reverse-Flash, aliyetokea mwaka 1963, hukimbia bega kwa bega na Flash, na hilo ndilo linalomfanya awe wa kuogopwa. Captain Cold, wa mwaka 1957, hana mbio zozote. Ni mtu wa kawaida mwenye bunduki ya baridi, na huutafuta ushindi kwa kugandisha ardhi ambayo mwenye mbio anaikanyaga. Mimi humheshimu zaidi huyu wa pili, maana ameelewa kwamba kasi bila mahali pa kukanyaga haina faida.

Jina moja nalo halina kasi moja. Flash wa mwaka 1940 ni Jay Garrick, wa mwaka 1956 ni Barry Allen, na Wally West alipolirithi jina hilo na kupewa jarida lake mwaka 1987, waandishi walimpunguzia mbio hadi karibu na kasi ya sauti, tena akawa anahitaji chakula kingi ili aweze kukimbia. Kwa kasi hiyo, ya mita 343 hivi kwa sekunde, safari ya kilomita 45 ingemchukua zaidi ya dakika mbili. Mwanga ungeimaliza kabla hujapepesa jicho.

Na wanaotaja mbio za kwanza za Superman na Flash, zilizochapishwa katika toleo la 199 la jarida la Superman, Agosti 1967, kuwa ni ushahidi kwamba wawili hao wako sawa, wazisome hadi mwisho. Wahalifu walikuwa wamecheza kamari juu ya mshindi, na mashujaa hao wakaamua kwa makusudi kuvuka mstari pamoja ili wacheza kamari wasipate kitu. Sare ile ilipangwa, hivyo haiwezi kutumika kupima kasi ya yeyote kati yao.