Upasuaji wa Macho kwa Leza: Maswali na Majibu

Upasuaji huu hurekebisha nini hasa?

Hurekebisha umbo la konea, yaani ule utando angavu ulio mbele ya jicho, ambao hufanya takriban theluthi mbili ya kazi ya kupinda mwanga. Kwa mtu asiyeona mbali, mwanga hukutana kabla ya kufika kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hivyo leza huondoa tabaka jembamba katikati ya konea ili ipungue mbinuko wake. Asiyeona karibu na mwenye konea isiyo na mviringo sawa nao wanaweza kusaidiwa. Mtoto wa jicho na presha ya macho ni magonjwa mengine kabisa, na hayatibiwi kwa njia hii.

Mgonjwa hufanyiwa nini?

Katika njia iitwayo LASIK, jicho hutiwa matone ya ganzi na kope huzuiwa zisifumbe. Mgonjwa huhisi jicho likigandamizwa, na kwa sekunde kadhaa kuona kwake hufifia, wakati kifuniko chembamba kinapokatwa juu ya konea. Kifuniko hicho hufunuliwa, leza hufanya kazi yake, mara nyingi kwa muda usiofika dakika moja, kisha hurudishwa mahali pake bila kushonwa. Katika njia ya PRK hakuna kifuniko. Seli za juu ya konea huondolewa, na kwa hiyo maumivu ya siku chache za mwanzo huwa makali zaidi na uoni huchelewa kutulia.

Kwa nini wengine hukataliwa?

Swali hili ndilo zito kuliko yote, kwa sababu usalama wa upasuaji huamuliwa siku ya vipimo kuliko siku ya leza. Tuchukue konea yenye unene wa maikroni 480 (maikroni 1,000 ni milimita moja), ya mtu anayevaa miwani ya hasi 10, yaani asiyeona mbali kwa kiwango kikubwa. Kifuniko kikichukua maikroni 110 na leza ikaondoa takriban 140, chini ya kifuniko hubaki 230, ilhali madaktari wengi hawakubali zibaki pungufu ya 250. Konea iliyodhoofishwa kupita kiasi huweza kuanza kutokeza mbele, na uoni ukaharibika kiasi cha kutorekebishika kwa miwani.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mwenye keratokonasi, ugonjwa unaoifanya konea iwe nyembamba na kuchongoka. Watu wenye mzio wa macho, ambao wamekuwa wakiyafikicha kwa nguvu tangu utotoni, wanapaswa kumweleza daktari jambo hilo bila kuulizwa. Aidha, hushauriwa kusubiri mtu aliye chini ya miaka 18, mjamzito, anayenyonyesha, na yeyote ambaye namba ya miwani yake bado inabadilika. Wanaovaa lenzi jichoni huziacha kwa muda kabla ya vipimo, kwa kuwa hubadilisha umbo la konea. Kituo kinachoharakisha vipimo hivi, au kisichokupatia majibu yake, ni afadhali ukiache.

Je, sitavaa miwani tena?

Kwa kuona mbali, wengi hawaihitaji. Hata hivyo, kuanzia miaka ya 40 lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa, na leza ya konea haizuii hali hiyo, hivyo miwani ya kusomea huweza kuhitajika.

Madhara yake ni yapi?

Macho makavu ni ya kawaida katika miezi ya mwanzo, na matone ya kulainisha husaidia. Wengine huona miduara kuzunguka taa za magari usiku, na kwa wachache hali hizi hudumu. Maumivu yanayozidi, wekundu, au uoni unaoshuka ghafla ni sababu ya kurudi kwa daktari siku hiyohiyo. Usifikiche macho.

Nitunze kumbukumbu gani?

Tunza vipimo vya konea na namba ya miwani uliyokuwa nayo kabla ya upasuaji. Konea iliyopunguzwa hufanya kipimo cha presha ya macho kisome chini kuliko hali halisi, na siku ukihitaji kuondolewa mtoto wa jicho, daktari atazihitaji namba hizo ili akuchagulie lenzi sahihi ya kupandikiza.