Kurudi ndiko zoezi lenyewe

Wengi wanaonijia kwa ushauri nasaha hapa Dodoma, hasa watumishi wanaoshinda kwenye ofisi za serikali Mtumba na wanafunzi wa chuo kikuu, huja na ombi lilelile: niwape nguvu ya kujizuia. Hawajamaliza ukurasa mmoja, mkono umeshafika kwenye simu. Wamekaa kikaoni, akili iko Nzuguni kwenye kiwanja ambacho hakijaisha kulipiwa. Wanajiita wavivu. Mimi sikubaliani nao.

Akili ndivyo ilivyo, hutangatanga. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walichapisha matokeo ya kuwauliza watu kupitia simu, wakiwa katikati ya shughuli zao, wanawaza nini dakika hiyo. Karibu asilimia 47 ya majibu yalionyesha mtu anawaza jambo jingine kabisa. Kwa hiyo anayekuahidi nusu saa bila wazo kupita kichwani, mwache na biashara yake. Kazi ni kuirudisha akili. Mwanasaikolojia Mmarekani William James aliliandika hili tangu 1890: uwezo wa kuurudisha umakini uliotoroka, tena na tena, ndio mzizi wa busara, tabia na utashi. Mimi nashikilia hapo kwenye “tena na tena”. Ukigundua umepotea ukarudi, zoezi limefanyika. Kupotea hakuliharibu.

Anayeanza simwambii akae afumbe macho. Nampa maharage achambue.

Redio izimwe, simu ibaki chumba kingine. Mimina kiasi kwenye ungo, yasogeze upande mmoja, kisha vuta machache machache kwa vidole. Tazama yaliyotobolewa na wadudu, yaliyosinyaa, makapi. Kijiwe chenye rangi ya haragwe hukioni kwa haraka. Mara nyingi kidole hukijua kabla ya jicho, kwa ubaridi na uzito wake. Muda si muda utajikuta uko kwenye mkopo, kwa mama mkwe, kwenye ujumbe ambao hujajibiwa. Usibishane na mawazo hayo wala usijilaumu. Rudi kwenye vidole. Na uzuri wake, zoezi hili lina mtihani: wakati wa kula, meno ya familia yatasema kama ulikuwepo.

Ukishazoea, hamia kwenye pumzi. Toa pumzi taratibu kuliko ulivyoivuta, kwa sababu mapigo ya moyo hupungua kasi kidogo tunapotoa pumzi. Hesabu hadi kumi. Ukipotea, anza tena moja. Dakika tano zinatosha.

Kuhusu nidhamu, kujikaza sikuamini sana. Nauamini zaidi mpango wa aina aliyoichunguza mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer: ikitokea hivi, nafanya hivi. “Nitafanya jioni” huishia njiani. “Nikifika nyumbani nikavua viatu, naweka simu juu ya kabati, nakaa kwenye kigoda” ina pa kushikia. Tena usihesabu siku 21 zinazoimbwa kila mahali. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliochapishwa 2010, ulionyesha tabia mpya hukomaa kwa takriban siku 66, na tofauti kati ya mtu na mtu ni kubwa mno. Kuruka siku moja hakukuwarudisha watu nyuma.

Huwa naulizwa kama hii ni dini ngeni. Jon Kabat-Zinn, Mmarekani aliyeanzisha mafunzo ya umakini wa aina hii hospitalini Massachusetts mwaka 1979, aliyachota kwenye mazoezi ya Kibudha, lakini aliyafundisha kwa wagonjwa bila masharti ya imani. Mwislamu anayetafuta khushuu, yaani utulivu wa moyo, katika swala, au Mkristo anayerudia sala moja polepole, ataitambua kazi hii mara moja. Abaki na sala yake, inatosha.

Ila kuna watu siwaanzishii kukaa kimya. Mtu mwenye msiba mbichi, au aliyepitia ukatili, anaweza kufumba macho akakutana na yaleyale anayoyakimbia. Huyo afumbue macho, asimame, atembee, ahesabu hatua, na mengine tuyazungumze tukiwa wawili.