Kabla ya kuchunguza virusi, jifunze kuvihesabu

Wengi wanaoingia kwenye baiokemia ya virusi hutamani kuanza na protini na vimeng'enya. Mimi huwaanzisha na kuhesabu virusi hai. Ukijaribu dawa bila kujua umeanza na virusi vingapi, matokeo yako hayasemi kitu. PCR, kipimo kinachonakili vipande vya jeni, peke yake haitoshi, maana huhesabu jeni hata za virusi visivyoweza tena kuambukiza.

Njia ninayoiamini ni ya kuhesabu plaki, yaani matundu yanayobaki pale virusi vinapoua seli, njia ambayo Renato Dulbecco aliileta kwa virusi vya wanyama mwaka 1952. Otesha seli, kwa mfano za Vero (seli za figo ya nyani zinazooteshwa maabara), kwenye sahani ya visima 6 hadi zifunike sakafu yote. Zimua sampuli, yaani ifanye nyepesi mara kumi kwa kila hatua: mikrolita 100 ndani ya 900 za chakula cha seli, changanya vizuri, endelea. Badilisha ncha ya pipeti kila hatua. Hapa ndipo wanafunzi huharibu: ncha ileile hubeba virusi kutoka mrija mzito hadi mwepesi, na hesabu inapanda kwa uongo.

Weka mikrolita 200 za kila mzimuo kwenye kisima chake, kwa saa 1, nyuzi 37, ukiinamisha sahani huku na huku kila dakika 15. Ukisahau, katikati hukauka, seli hufa, nawe utadhani ni kazi ya virusi. Kisha funika kwa agarosi (jeli itokanayo na mwani) yenye chakula cha seli, iliyopoa hadi nyuzi 42 hivi. Ikiwa moto zaidi inaunguza seli. Ikipoa mno inaganda mabonge. Kazi yake ni kuzuia virusi visisambae mbali, ili kila ambukizo liache tundu lake. Ukiona plaki zenye mkia, sahani ilitikiswa kabla funiko halijashika.

Baada ya siku 2 hadi 5, kutegemea virusi, hifadhi seli zilipo kwa fomalini, ondoa agarosi, tia rangi ya zambarau. Hesabu kisima chenye plaki kati ya 20 na 100 hivi. Zikizidi hapo zinaungana. Plaki 42 kwenye mzimuo wa 1 kwa 100,000 ni 42 ÷ (0.00001 × 0.2), ambapo 0.2 ni mililita ulizoweka kisimani, yaani virusi hai milioni 21 kwa mililita.

Usikose kisima kisicho na virusi, pamoja na sampuli ya akiba ambayo kiwango chake unakijua. Akiba ikiyumba, mimi hukagua seli kwanza, halafu pipeti.