Vidonge vya "kusafisha mishipa": maswali ninayoulizwa kaunta

Watu wanakuja famasi na simu mkononi, picha ya kopo, dada hii mnayo? Kopo limeandikwa metilesheni na afya ya moyo, ukisoma nyuma unakuta foleti (vitamini B9, ile ya kidonge inaitwa folik asidi), B12, B6 na kitu kinaitwa betaini, wengine wanaita TMG. Basi nimeona niyajibu maswali yenu hapa kwa pamoja.

Metilesheni ndo nini?
Ni kazi ambayo mwili unaifanya saa zote, unachukua kipande kidogo (kaboni moja na hidrojeni tatu) unakibandika kwenye DNA, homoni, mafuta na vitu vingine kibao. Kikishatolewa inabaki homosisteini. Ichukulie kama chupa tupu ya soda, foleti na B12 ndo gari la kuirudisha kiwandani ikajazwe tena, betaini nayo inasaidia kazi hiyohiyo kwenye ini, B6 yeye anaipeleka njia nyingine kabisa. Gari lisipokuja makreti matupu yanajaa dukani, yaani homosisteini inapanda kwenye damu.

Sasa moyo unaingiaje hapo?
Mwaka 1969 daktari wa Marekani, Kilmer McCully, aliangalia mishipa ya watoto waliofariki wakiwa na homosisteini nyingi mno ya kurithi, akakuta imekakamaa kama ya wazee. Baadae ikaonekana hata watu wazima wenye homosisteini ya juu wanapata sana magonjwa ya moyo na kiharusi. Kuanzia hapo wauzaji wakapata pa kushikia.

Kwa hiyo nikiishusha nimepona?
Hapana, na hapa ndo kopo halikwambii. Utafiti wa HOPE-2 uliotoka 2006 uliwapa watu folik asidi, B6 na B12 wengine vidonge hewa visivyo na dawa ndani, jumla watu 5,522, homosisteini ikashuka kweli ila shambulio la moyo na vifo vya moyo havikupungua. Norway mwaka huohuo walijaribu kwa watu waliowahi kupata shambulio la moyo, hola. Namba inashuka kwenye karatasi ya maabara, moyo uko palepale.

Kwenye kiharusi kidogo kuna afadhali. China watu 20,702 wenye presha walipewa enalapril, dawa ya presha, nusu yao ikaongezewa folik asidi miligramu 0.8, baada ya kama miaka minne na nusu waliopata kiharusi cha kwanza walikuwa 2.7 kwa kila 100 badala ya 3.4. Lakini ona mambo mawili, kule unga ulikuwa hauongezwi folik asidi kama huu wetu wa pakiti, halafu wote walikuwa wanameza dawa ya presha!!

Mama ana sukari, metformin miaka nane sasa, miguu inamfa ganzi. Nimnunulie hilo kopo?
Mpeleke akapime B12 kwanza. Metformin ikitumika muda mrefu inapunguza B12 mwilini, na omeprazole (dawa ya asidi ya tumbo) za kila siku vilevile. Ganzi inaweza kuwa ya sukari yenyewe, inaweza kuwa B12, au vyote. Usimpe folik asidi peke yake kwa kubahatisha maana inaficha upungufu wa damu, kipimo cha damu kinatoka kizuri huku mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika. Na B6 ya dozi kubwa kwa muda mrefu yenyewe inaleta ganzi, watu wengi hawalijui hili.

TMG peke yake je, nasikia haina madhara?
Inashusha homosisteini ndio, ila dozi kubwa inaweza kupandisha kolesto mbaya. Mtu ananunua kitu cha moyo anaongeza kolesto, wapi na wapi.

Mie mjamzito, natumia folik ya 5, ina shida?
Kama daktari hajakuandikia kwa sababu maalum, ya kliniki ya 0.4 inatosha. Ile ya miligramu 5 inapunguza nguvu ya SP, zile za kukinga malaria unazomezeshwa kliniki.

Chakula hakitoshi?
Kwa wengi kinatosha. Foleti ipo kwenye mchicha, kunde, maharage, maini, tatizo letu tunachemsha mboga mpaka inalia halafu maji tunamwaga, foleti nyingi imeenda na maji. B12 iko kwenye dagaa, samaki, mayai, maziwa, nyama. Kama hugusi kabisa vitu vya wanyama hapo B12 ya kidonge ni lazima, sikufichi.

Nikianza vidonge hivi nipumzishe dawa za presha kidogo?
Hapana. Na hilo kopo lisubiri, kaa hapo kwenye kiti dakika tano nikupime presha.