Mtindi haurudishi seli za beta

Wiki hii nimempokea tena mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, anahema kwa nguvu, pumzi inanuka kama tunda lililochacha. Ketoni, asidi zinazojaa kwenye damu insulini inapokosekana, zimejaa. Insulini ilikuwa imesimamishwa siku nne. "Daktari, si tumeambiwa ugonjwa unaanzia tumboni? Tukampa mtindi na vidonge vya bakteria wazuri." Mtoto amenusurika. Mimi nimeudhika, hasa kwa sababu uongo huu umejengwa juu ya utafiti wa kweli.

Finland inaongoza duniani kwa kisukari hiki kwa watoto, ambapo kinga ya mwili huziua seli za beta, zile za kongosho zinazotengeneza insulini. Ukivuka mpaka kuingia Karelia ya Urusi, ambako watu wana vinasaba vya hatari vinavyofanana na vya Wafini, ugonjwa unapungua takriban mara sita. Mwaka 2016 watafiti walichapisha walichokikuta kwenye vinyesi vya watoto wachanga wa Finland, Estonia na Karelia. Wa Finland na Estonia walikuwa na Bacteroides wengi, kundi la bakteria wa utumboni. Lipopolisakaridi (molekuli ya ganda la nje la bakteria) ya E. koli, bakteria mwingine wa utumboni, huamsha kinga kwa nguvu, na inadhaniwa kuwa kuamshwa huko mapema huifundisha kutulia. Ile ya Bacteroides dorei haiamshi, tena inaizuia ya E. koli isiamshe. Panya wenye asili ya kisukari waliodungwa ile ya E. koli waliugua kidogo zaidi. Ni kazi nzuri, naiheshimu. Ila inahusu miezi ya mwanzo ya uhai, kabla ya ugonjwa, na uthibitisho wake mkubwa uko kwa panya.

Sasa suala la nini kilitangulia, ambalo wauza vidonge hawaligusi kabisa. Mwaka 2015 watoto 33 wa Finland na Estonia wenye vinasaba vya hatari walifuatiliwa tangu kuzaliwa. Kwa wale waliokuja kuugua, aina za bakteria zilipungua kabla ya kisukari kujitokeza, lakini baada ya kingamwili dhidi ya kongosho kuonekana kwenye damu. Yaani kinga ilikuwa imekwisha kuanza kushambulia! Je, utumbo ulichochea moto, au uliharibiwa na moto uliokwisha kuwaka? Kwa takwimu hizo huwezi kujibu. Kisha mwaka 2018 yakaja matokeo ya TEDDY, utafiti mkubwa unaofuatilia watoto wenye vinasaba vya hatari, vinyesi zaidi ya 10,000 vya watoto 783: tofauti zilikuwepo, ndogo, na bakteria wenyewe hawakufanana kutoka kituo hadi kituo. Vituo vile viko Marekani, Finland, Sweden na Ujerumani. Cha Afrika hakuna, kwa hiyo nina shaka kubwa kuyabeba matokeo hayo mazimamazima hadi kwa watoto ninaowatibu.

Na wewe mama unayejilaumu kwa amoksisilini uliyompa akiwa mchanga, nisikilize. TEDDY hiyohiyo ilichunguza antibayotiki za miaka minne ya kwanza na haikuona zikihusiana na kutokea kwa kingamwili hizo. Hukumsababishia mwanao ugonjwa huu.

Mtoto anapoanza kukonda, kunywa maji kupita kiasi na kukojoa kitandani upya, sehemu kubwa ya seli za beta imekwisha kufa. Bakteria wa kwenye kidonge hawatengenezi insulini. Mtindi akiupenda mpe. Hesabu wanga wake, mchome kipimo chake cha insulini, halafu ale.